Mwezi wa Mashairi na Mguu wa Mama

Jumanne, 1 Aprili 2003

Mudira, mkuu wetu wa shule, katangaza asubuhi, wanafunzi wakiwa bado juani kwenye mistari yao, kwamba Aprili ni mwezi wa mashairi. Nikadhani ni ule uongo wa siku ya leo. Si uongo. Kwenye chumba cha walimu keshabandika karatasi ya namna za kuusherehekea. Kila mtu atembee na shairi mfukoni. Mlangoni mwa darasa asimame mtoto, na asiyesema mstari haingii. Mnyororo wa beti, kila mtoto aunge alipoishia mwenzake. Kumjibu mshairi. Na mwishoni chai ya mashairi, wazazi waalikwe. Shule ya kulipia lazima ionekane inafanya kitu.

Msimamizi ni mimi. "Khawla, mama yako si ndiye yule mshairi?" — Mudira Mastura, mbele ya wote, kikombe mkononi. Nikasema ndiye. Sikusema kwamba ndiye huyo hajatamka neno tangu Januari alipopigwa na kiharusi. Watu wakishajua huanza kukusemesha wewe polepole, kana kwamba umepigwa wewe.

Narudi nyumbani Khuwair, hapa Maskati, namkuta Truphena, yaya wa Mama, kafungua madirisha yote ya chumba na joto lote hili. Hakunieleza sababu. Nimeinusa harufu mwenyewe nilipoingia. Ni kile kidonda cha kidole gumba, mguu wa kushoto. Wiki iliyopita kidole kilikuwa chekundu, leo kina rangi ya tende. Kisukari hakina haraka lakini hakisahau mtu.

Mwezi wa mashairi! Na jirani televisheni yake inapiga vita vya Iraq kutwa nzima, nyuma ya ukuta wa kitanda cha Mama.

Jumatano, 2 Aprili

Lazima niandike kabla sijajiambia kwamba nimeota.

Mama yangu, Bakhita, alikulia Tanga, na huko alikuwa akitumiwa beti kama wengine wanavyotumiwa salamu. Mtu anakuletea ubeti wake, wa kusifu au wa kukuchoma, na wewe unamrudishia wako. Sheria ya Mama ilikuwa moja: ubeti ukitumwa hujibiwa, kwa vina vilevile, na asiyejibu kakubali kushindwa. Alipokuja Maskati na sisi watoto alikuja na beti hizo zote kichwani. Wanawake wa kwetu wanaosema Kiswahili walikuwa wakimwita kwenye arusi na kwenye matanga. Halafu mmoja mmoja wale wa kumjibu wakafa, akabaki anatunga peke yake.

Mimi na kaka yangu Bader alitukaririsha. Yeye anatoa nusu ya mstari, sisi tunamaliza. Lakini kunitumia mimi ubeti nimjibu, hata siku moja. "Wewe huna pumzi ya shairi," alinambia nilipokuwa msichana. Sikubisha. Ilikuwa kweli, na bado inaniuma.

Basi leo, ile amri ya Mudira. Nilitia karatasi mfukoni kwa kejeli tu, nimeandika mstari ambao Mama alikuwa akituamshia shule. Jioni namlisha uji. Nikaitoa karatasi nikasoma, kama namsomea ukuta: "Jua limeshachomoza —"

Na Mama, kijiko kingali mdomoni: "— na wewe ungali lala."

Sauti yake ileile. Na ule ukali wake mwishoni! Uji umemwagika shukani. Truphena kaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna mgeni chumbani.

Nikamwambia, Mama, sema tena. Hakuna. Mama, unataka maji? Hakuna, anatazama mdomo wangu tu. Nikarudia nusu ya kwanza, akanipa ya pili. Yule bibi wa hospitali anayefundisha watu kusema alinambia zamani kwamba wapo wanaopotewa na maneno yote wakabakiwa na dua na nyimbo, kwa sababu hizo hukaa upande mwingine wa kichwa. Nilidhani ananiliwaza.

Nimelia sana, kwa furaha, kisha kwa hasira kwamba nilingoja miezi mitatu kujaribu.

Ijumaa, 4 Aprili

Bader kaja baada ya sala kutoka Amerat, na sufuria la harisi la mkewe. Nikamzuia mlangoni mwa chumba. Nikamwambia huku sasa ni kama shuleni, haingii mtu bila mstari. Kasema acha utoto, mimi mtu wa wizara. Nikamnong'oneza, jaribu ule wa jua.

Kaujaribu. Mama kamaliza. Bader kasimama pale na funguo za gari mkononi, machozi yanamwingia ndevuni, hata haya hana.

Akavuta kiti. "Mama, mie nani?" Kimya. "Mama, unaumwa? Wapi panauma?" Kimya. Mstari mwingine wa zamani, nusu — na nusu ya pili ikaja safi kabisa. Tumekaa mpaka alasiri tunapokezana naye. Tangu Bader ajenge nyumba Amerat hatujakaa hivi. Yeye alitaka Mama ahamie kwake, vyumba vipo, na Mama hakutaka hata kusikia. "Huko nyuma ya majabali? Huko nitakwenda siku ya kubebwa." Ndivyo alivyokuwa akisema, na wageni wakicheka.

Tumembadilisha bandeji. Weusi umeshafika kwenye unyayo.

Jumapili, 6 Aprili

Hospitali. Daktari Ghanim, kijana, mpole, hana haraka ya kuinuka. Kasema mguu ukatwe chini ya goti. Usipokatwa, sumu itaingia kwenye damu, na hapo ni siku tu. Ukikatwa, huenda akaishi miaka. Huenda pia moyo usistahimili dawa ya usingizi. Hakuficha lolote.

Bader kauliza saini inawekwa wapi.

Daktari kasema saini ya mtoto inatosha, lakini yeye hapendi kumkata mtu mguu bila kujua mwenyewe anasemaje. Mama anasikia, anaelewa mengi, anaonekana machoni. "Mjaribuni kwa njia yoyote." Nikamweleza habari ya mashairi. Kafurahi kweli. Kasema basi njia ndiyo hiyo.

Njiani kurudi, Mama kwenye kiti cha nyuma kaegemea bega la Truphena. Nikamwambia kwa maneno ya kawaida, bila kuzunguka: Mama, wanataka kukukata mguu. Unataka? Nilimwona kwenye kioo. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Alhamisi, 10 Aprili

Jirani televisheni yake ni sanamu la rais wa Iraq, kule Baghdad, linaanguka, linasimamishwa, linaanguka tena. Huku kwetu ni mguu.

Bader kaja asubuhi, kaoga, kanukia udi, kama anakwenda kuposa. Kasema kapata njia. Shairi la Babu.

Mimi nalijua shairi hilo kabla ya kujua kusoma. Babu yetu, baba yake Mama, alioza mguu kule Tanga. Akakubali ukatwe, akaishi mpaka akatuona sisi, akitembea na gongo na kuwachapa mbuzi kwa gongo hilohilo. Mama alimtungia shairi la kumsifu. Bader kalianza, nusu kwa nusu, kama zamani. Naandika yote, yake na ya Mama:

Mguu ulipooza, — baba hakuwa na shaka,
Tabibu alimweleza, — naye neno katamka:
Msilie mkaliza, — roho bado naitaka,
Kikatwe kilichooza, — kizima kitainuka.

Mama hakukosea hata silabi. Mwishoni kanyanyua kidevu, kama alivyokuwa akifanya mbele za watu.

"Khalas," kasema Bader. "Keshasema. Wallahi keshasema, Khawla, kwa ulimi wake."

Nikasema ndiyo. Kwa nini nisiseme? Nilikuwa nataka aseme. Bader kampigia Daktari Ghanim papo hapo, kamfasiria kwa Kiarabu: mama anasema kilichooza kikatwe. Nikasikia simu ile mpaka mwisho na sikufungua mdomo. Tukanywa chai. Harisi aliyokuja nayo safari hii ilikuwa na chumvi nyingi na tulikula yote.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka shule, nyumbani nimekuta balaa.

Truphena ni mtu wa kanisa, Mkenya, na akipiga pasi huimba. Leo alikuwa akiimba wimbo wa kwao, wa Kiswahili, wa Yesu na msalaba wake, anaurudiarudia. Alipofika katikati akakohoa. Na Mama, kitandani, akaumalizia.

Bader alikuwa mlangoni kaja kuchukua kadi ya hospitali ya Mama. "Astaghfirullah! Umemfundisha nini mama yangu?"

"Si mimi nimemfundisha, boss," kasema Truphena, na pasi yake mkononi. "Mimi nilikuwa naimba zangu. Yeye ameushika tu. Hata jana alimaliza ile tangazo ya sabuni."

Bader kafoka mpaka akaishiwa. Truphena kaendelea kupiga pasi, na mashati ya leo yamenyooka kuliko siku zote. Mimi nilikuwa siwasikii. Nilikuwa nawaza neno moja. Nikamvuta Bader ukumbini. Nikamwambia, kaka, kama anamaliza wimbo wa kanisani na tangazo la sabuni, basi lile la Babu pia kamaliza tu. Hakujibu swali letu.

"La Babu katunga yeye," kasema. "Hizo nyingine ni kelele zimemwingia. La Babu limetoka moyoni mwake."

Lina sura ya ukweli, jibu hilo. Nimelilalia na sijalala.

Jumatatu, 14 Aprili

Shuleni mnyororo wa beti umevunjika darasa la tatu. Watoto wamegombana, mmoja kang'atwa. Mudira kasema ni msisimko wa fasihi.

Nyumbani nimefanya jambo. Nimengoja Truphena aende dukani, nikafunga mlango. Mama ana shairi jingine alilotunga siku za kuondoka Tanga. Bibi yetu alikataa kuondoka, akabaki, akazikwa kule. Hilo nalo katunga yeye mwenyewe, na hilo nalo limetoka moyoni mwake, nalijua, maana alikuwa hawezi kulimaliza bila kulia. Nikalianza kwenye kituo chake: "Niacheni papa hapa —"

"— msinihamishe tena." Mara moja. Kidevu juu.

Alhamisi kakubali, leo kakataa. Kwa sauti ileile. Chochote nitakachoanza, atamaliza. Na nikaona na kitu kingine. Lile shairi la Babu, nusu ya kukata aliitamka nani? Ni Bader. Mama alisema "kizima kitainuka" tu. Neno la kukata halijatoka kinywani mwake. Sisi tunasema, kisha tunampa mkia aushike.

Nimempigia Bader. Kasikiliza yote. Kasema, "Usimchezee Mama kama kitoto cha darasani. Saini nimeshatia. Ni Jumanne ijayo."

Wala simlaumu. Anataka mama yake aishi. Mimi nataka nini? Mimi pia nataka aishi. Ndiyo maana sijiamini.

Alhamisi, 17 Aprili

Yule Bader hana akili, au ana akili nyingi za wizara. Sijui.

Mguu wa Muislamu ukikatwa hautupwi. Unaviringishwa kitambaa cheupe na kuzikwa. Nalijua hilo, kila mtu analijua. Lakini Bader leo kakaa hapohapo chumbani, kando ya kitanda, anaongea kwenye simu na jamaa zake wa Amerat kuhusu kipande cha ardhi makaburini. Kirefu vipi. Nani atachimba. Kama gari yake inafaa au watumie pikapu ya shemeji. Kwa Kiswahili! Angalau angesema Kiarabu — ingawa Mama Kiarabu anakisikia vilevile. "Mguu utatangulia," kamwambia mtu wa simu, "na sisi sote tutafuata inshallah."

Nilikuwa nimesimama na bakuli la maji ya kidonda. Nikamtazama Mama. Alikuwa akimtazama Bader, si mdomo wake kama anavyotutazama siku zote. Machoni.

Bader kamaliza simu, kageuka kwa furaha yake yote: "Jua limeshachomoza —"

Kimya.

"Mama. Jua limeshachomoza —"

Kageuza uso ukutani. Bader kasema Mama kachoka, kanibusu kichwani, kaenda zake kabla njia ya Wadi Adai haijajaa magari. Nimejaribu mimi baada yake. La jua, la Tanga, la arusi, hata lile la sabuni. Hataki. Wala si kwamba hawezi. Namjua mama yangu akinuna.

Huko nitakwenda siku ya kubebwa, alisema. Na sisi tunamtanguliza vipande.

Jumamosi, 19 Aprili

Homa. Mguu umevimba mpaka chini ya goti, ngozi inang'aa. Tumemlaza hospitali. Daktari Ghanim kasema upasuaji hauwezi kupita Jumanne, na kama ikibidi atakata kesho. Kauliza kama bado mama anasema vilevile. Bader kasema vilevile. Daktari kanitazama mimi. Nikasema siku hizi kanyamaza. Kasema basi atamuuliza tena mwenyewe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na anataka niwepo mimi wa kumfasiria.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa mashairi!

Jumatatu, 21 Aprili

Chai ya mashairi, wameiwahisha kwa sababu ya mitihani. Niliomba ruhusa nisiende. Mudira kasema masaa mawili tu, Khawla, wazazi wameshaalikwa. Nikaenda. Biskuti zilikuwepo.

Sehemu yangu ilikuwa ile ya kumjibu mshairi. Niliwafundisha watoto sheria ya Mama, bila kusema ni ya nani: umetumiwa ubeti, lazima ujibu, na vina usibadilishe. Wamejibu. Kasichana kamoja, Jumana, kalichagua shairi la ndege aliye tunduni. Wengine wote walimjibu yule ndege kwamba watamfungulia. Yeye kamjibu: nikikufungulia paka yupo nje, basi niambie wewe wataka nini. Wazazi wamecheka na kupiga makofi. Mimi nikatoka nikajifanya natafuta sukari.

Nimepita hospitali. Mama macho wazi. Nimekaa, sikumwanzishia kitu. Nimemsafisha mikono kidole kwa kidole. Mguu wanaufunika kwa kitu kama kizimba ili shuka lisiuguse, na harufu iko pale hata hivyo. Nikamwambia: Mama, mimi sijui unataka nini. Nitakwanzishia mstari na wewe utaumalizia, na mimi sitajua. Nisamehe.

Kanishika kidole gumba. Nguvu bado anazo mkononi.

Jumanne, 22 Aprili

Naandikia ukumbini, kwenye viti vya plastiki. Bader yuko viti viwili mbele yangu na tasbihi yake. Chini ya kiti chake kuna mfuko, na ndani ya mfuko bafta nyeupe, kaipiga pasi mkewe. Anadhani sijaiona.

Niandike kilichotokea haraka, kabla Daktari hajaja.

Asubuhi wauguzi walimwosha Mama na kumvisha lile vazi lao la kijani. Bader alikuwa nje anazungumza kwenye simu. Truphena nilimtuma maji. Tulibaki mimi na yeye. Nikafikiri, nitamsomea la Babu, liwe la mwisho mguu wake ukiwapo. Si kwa kumtega. Nilitaka tu tuseme kitu pamoja.

Nikaanza. Mguu ulipooza. Akangoja, nikadhani bado kanuna. Halafu: baba hakuwa na shaka. Sauti ndogo, kavu.

Tabibu alimweleza. Naye neno katamka.

Msilie mkaliza. Roho bado naitaka. Hiyo aliisema kwa taabu.

Nikavuta pumzi niseme kikatwe. Mama kanyanyua mkono, ule mzima, kanizuia. Na akaanza yeye. Tangu Januari hajaanza kitu chochote, anamaliza tu, na akaanza yeye:

"Kiacheni kilooza —"

Akaninyamazia. Ananitazama. Alikuwa ananipa nusu ili nimalize, kama nilipokuwa mtoto, na mimi sikuwa na cha kumalizia, kwa sababu mstari huo haupo. Shairi hilo nalijua tangu utoto wangu na mstari huo haumo. Akaona sina. Akamaliza mwenyewe:

"— nizikwe sijapunguka."

Vina vilevile. Mizani imekaa sawa, nimeihesabu kwa vidole, mimi mpumbavu, mama yangu ananiambia anataka kufa na mimi nahesabu mizani.

Halafu kafumba macho, si kwa usingizi. Nalijua hilo pia. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye arusi, akishamtupia mtu ubeti wake, anafumba macho na kumngoja.

Bader kaingia. "Mmesoma?"

Tumesoma.

"Kamaliza?"

Nikasema kamaliza.

Na si uongo! Bader kambusu paji la uso, kasema alhamdulillahi, kanishukuru. Kanishukuru mimi. Kasema bila mimi tusingejua Mama anataka nini. Wakamsukuma na kitanda mpaka kwenye milango ile ya mwisho, na hapo wamesimama wanamngoja Daktari Ghanim aje amuulize. Na aniulize mimi.

Nikimwambia, hatakata. Daktari yule ni mtu wa neno lake. Na Mama hatafika Ijumaa, na Bader atajua ni mimi. Nisipomwambia, huenda akaishi, mguu mmoja, kwenye kiti dirishani, ananitazama. Tutakaa wawili kila jioni na mimi nitaogopa kumwanzishia mstari. Na huenda asiamke kabisa, na awe kazikwa mara mbili.

Huenda ni homa iliyosema. Nimejaribu kuamini hivyo tangu nilipokaa hapa. Homa haihesabu mizani.

Maisha yangu yote nilitaka anitumie ubeti. Kanitumia mmoja. Na sheria ni ileile, asiyejibu kakubali kushindwa, na kwa vina vilevile, -za katikati na -ka mwishoni. Truphena kaja kukaa kando yangu na chupa ya maji. Bader kaacha tasbihi, kasimama. Daktari Ghanim anakuja, namwona mwisho wa ukumbi, barakoa shingoni, ananitafuta kwa macho. Nusu ya kwanza ninayo. Nusu ya pili ndiyo jibu.

Mama, nimekusikiza, —